Jinsi ya kutengeneza modeli ya malisho ya kijiji chako, kuanzia daftari na fremu ya nondo mpaka setilaiti (mifano ya Handeni, Kilindi na Mkinga)

Wadau wa mifugo na ardhi wa mkoa wetu wa Tanga, hasa nyie mlioko Handeni, Kilindi na kule Mkinga ya ndani upande wa Mwakijembe, hii ni ya kwenu. Kila kiangazi kikikaza maneno ni yale yale, mifugo imezidi, wafugaji wapunguze, mkulima analia ng'ombe wako shambani, anakuja mtu na hesabu yake ya eneo gawanya kwa ng'ombe, anatoa namba moja, kikao kinafungwa. Mi naona hiyo namba moja ndiyo inayotuangusha. Malisho ya nchi yenye ukame nusu hayana namba moja, mwaka huu majani yanafika kiunoni mwaka unaofuata ni vumbi tupu, sasa namba ya wastani inamsaidia nani? Tunachohitaji ni modeli, yani mchoro na hesabu ya jinsi malisho yanavyobadilika, inayojibu maswali mawili, kwanza hii nchi inaelekea kugeuka kuwa nini, pili ni mpaka tarehe ngapi ya mwaka huu tunatakiwa tuwe tumeshaamua.

Vifaa ni daftari, kamba, mizani ya jikoni, kipima mvua cha plastiki, simu yenye GPS na laptopu moja yenye Excel, hata ya kuazima kwa mwalimu. Setilaiti ipo pia na ni bure, tutaifikia.

Kabla sijaanza, angalizo moja. Ukanda wa pwani wenyewe, yani Pangani, Tanga mjini, Saadani mpaka Bagamoyo, una mvua nyingi kuliko huku ndani, huwezi kuuita ukame nusu. Ukame wenyewe unaupata ukivuka milima, kule nyuma ya Usambara kwenye kivuli cha mvua, bonde la Umba na Mkomazi, na magharibi ya Kilindi ukielekea Kibirashi na mpaka wa Kiteto. Kwa hiyo usichukue namba za pwani ukazipeleka Kibirashi, wala za Kibirashi ukazishusha Mkwaja kule pwani.

Hatua ya 1: Swali kwanza, mipaka baadaye

Watu wengi wanakimbilia ramani. Subiri. Kaeni kamati ya ardhi na wafugaji mkubaliane swali moja tu, mfano "tukiendelea hivi hivi, miaka kumi ijayo mbuga yetu ya kiangazi itakuwa kichaka au majani?" Swali likiwa "hali ya mazingira ikoje" hutamaliza, utakusanya data mpaka uzeeke.

Mipaka sasa, hapa pana mtego. Mpaka wa kijiji ni wa serikali, ng'ombe haujui. Kama mifugo yenu inalala kijijini miezi minne na iliyobaki iko kijiji cha jirani au imevuka wilaya, basi modeli ya kijiji peke yake itakudanganya mchana kweupe. Chora eneo lote ambalo mifugo inazunguka kwa mwaka mzima, na wageni wanaoingia kwenu kiangazi wahesabu pia. Handeni hili ni kubwa kwa sasa, maana tangu 2022 kuna familia zilizohamia Msomera kutoka Ngorongoro pamoja na mifugo yao, na bomba la mafuta ghafi la kwenda Chongoleani nalo limepita Kilindi na Handeni. Sizungumzii siasa hapa, nasema tu modeli iliyotumia idadi ya mifugo ya 2020 haifai tena kwa maeneo hayo.

Hatua ya 2: Kaa na wenye nchi

Hii hatua usiifupishe. Tafuta wazee wa Kimaasai na wa Kiparakuyo waliochunga hapo wakiwa vijana, tafuta wazee wa Kizigua wanaolima, tafuta akina mama wanaokata kuni na kuteka maji, halafu tafuta layoni, yani vijana wa Kimaasai, wanaochunga leo maana wao ndio wanajua ng'ombe anaenda wapi kweli, sio anakotakiwa kwenda. Ukiwaweka wote kwenye kikao kimoja vijana na akina mama watanyamaza, kwa hiyo kaa nao makundi makundi.

Usiulize "mwaka 1985 palikuwaje", hakuna anayekumbuka hivyo. Uliza kwa matukio: wakati wa Operesheni Vijiji palikuwaje, ile njaa ya 84 mlihamia wapi, mvua za El Niño za 97 na 98 zilipokatika kiliota nini, kiangazi cha 2009 mlipoteza mifugo upande gani. Mzee akikwambia "hapa tulikuwa tunaona ng'ombe mapembe tu, mwili wote umezama kwenye majani", andika hayo maneno kama yalivyo na piga pointi ya GPS pale pale. Uliza na majina ya majani kwa Kimaasai na Kizigua, maana mfugaji anatofautisha majani ambayo afisa anayaita nyasi tu, na ndani ya hayo majina ndimo ilimo taarifa ya hali ya ardhi.

Hatua ya 3: Chora hali na mishale

Hapa ndipo modeli inapoanza. Zamani wataalamu walifuata wazo la Clements la 1916 kwamba uoto unapanda ngazi mpaka unafika kileleni, ukichungia sana unashuka, ukipumzisha unapanda tena ngazi zile zile. Kwenye nchi kame haikufanya kazi. Mwaka 1988 Ellis na Swift walionyesha kwa wafugaji wa Turkana kwamba mvua ndiyo inaendesha mambo kuliko wingi wa mifugo, na 1989 Westoby, Walker na Noy-Meir wakaleta namna nyingine: orodhesha hali ambazo ardhi inaweza kuwa, halafu sema nini kinaisukuma kutoka hali moja kwenda nyingine, na ni wapi ikishavuka hairudi yenyewe.

Kwa huku kwetu mara nyingi utapata hali hizi. Ya kwanza ni majani marefu ya kudumu na miti michache, humo utakuta Themeda, Cenchrus, Panicum. Ya pili ni majani mafupi na ya msimu, Aristida na ndugu zake, yanaota na mvua yanakufa na mvua. Ya tatu ni kichaka, migunga midogo na mkulagembe umefunga mpaka mbuzi anapita kwa shida. Ya nne ni ardhi tupu, ngumu, maji yanapita juu yanachimba makorongo. Ya tano watu wanaisahau, shamba lililoachwa, hilo lina tabia zake. Kama kwenu kuna gugu karoti au lantana imeshika, ipe hali yake peke yake.

Sasa mishale. Chukua ule wa kutoka majani kwenda kichaka, maana ndio unaotumaliza. Watu wanasema "kichaka kimekuja kwa sababu ya mifugo mingi" wanaishia hapo. Mtiririko wenyewe uko hivi: ng'ombe wanamaliza majani, majani yakipungua moto hauna cha kula, moto usipopita au ukipita dhaifu vile vimiti vidogo havichomwi, vikishapita urefu wa moto hata ukiwasha mwaka unaofuata unaunguza matawi ya chini tu, kivuli kinaongezeka, majani yanapungua zaidi, na mbuzi hawapo wa kutosha kuvila vingali vidogo. Ukishaelewa hivyo unaona kumbe kuondoa ng'ombe kichaka kikiwa kimeshafunga hakurudishi majani. Umeshavuka. Wataalamu wa moto wa Afrika Kusini wanapendekeza majani makavu yasipungue kama kilo 4,000 kwa hekta ili moto uweze kupiga kichaka kweli, na ndani ya kichaka kilichofunga hizo kilo hazipo.

Mfano wa karibu ni Mkwaja, kule Pangani. Ilikuwa ranchi kubwa ya ng'ombe iliyoanzishwa miaka ya 1950 na kampuni ya mkonge, ilipambana na mbung'o miaka yote, na maeneo makubwa yakavamiwa na migunga ya aina ya Acacia zanzibarica. Ikafungwa mwaka 2000, eneo lake likaingizwa Hifadhi ya Taifa ya Saadani iliyotangazwa 2005. Pwani sio nchi kame nimeshasema, ila mshale ni ule ule wa majani kwenda kichaka.

Kila mshale uandikie mambo matatu: kinachousukuma, muda unaochukua, na namna ya kurudi kama ipo. Mshale ambao hamna uhakika nao uchoreni kwa nukta nukta, msijifanye mnajua.

Hatua ya 4: Pima ardhini

Chagua vituo vya kudumu, kila hali iwe na vituo visivyopungua vitatu, vingine karibu na lambo na vingine mbali, kwa sababu karibu na maji na josho kunakanyagwa tofauti kabisa. Kila kituo weka jiwe lenye rangi na pointi ya GPS.

Kupima majani: mwambie fundi wa kuchomelea akutengenezee fremu ya nondo ya mraba, sentimita 50 kwa 50 kwa ndani. Tembea mstari ulionyooka, kila hatua ishirini weka fremu pale mguu ulipotua, sio pale unapopenda, maana mkono wa binadamu unapenda kuangukia penye majani mazuri. Kata majani yote ndani ya fremu ukiacha kama sentimita mbili, toa vijiti na kinyesi, weka kwenye mfuko wa karatasi ulioandikwa tarehe na kituo, mfuko wa plastiki usitumie, yanaoza. Anika juani kwenye turubai mpaka ukipima leo na kesho uzito haubadiliki. Gramu ulizopata zidisha kwa 40, hiyo ni kilo kwa hekta. Yani gramu 30 kavu ni kilo 1,200 kwa hekta. Fremu kumi kwa kituo chukua wastani, na usishangae moja ina gramu 5 nyingine 90, ndivyo nchi kame ilivyo.

Kupima kichaka: kamba ya mita 50, hesabu kila mti na kichaka kilicho ndani ya mita mbili kulia na mita mbili kushoto, zidisha kwa 50 unapata idadi kwa hekta. Tenganisha walio chini ya goti, mpaka kifuani, na walio juu ya kichwa. Hawa wa chini ya goti ndio wa kuangalia sana, kichaka cha miaka kumi ijayo ni wao.

Kupima uwazi: tembea hatua mia, kila hatua angalia ncha ya kiatu imegusa nini, majani, majani makavu, kichaka au udongo mtupu. Hesabu ni asilimia tayari.

Halafu piga picha, simu iegemee jiwe lile lile, uelekeo ule ule, mwezi ule ule kila mwaka. Ukiweza zungushia miiba kipande cha mita mbili kwa mbili ng'ombe wasiingie, kitakuonyesha mvua peke yake inaotesha nini bila mdomo wa ng'ombe. Bila hicho kipande mtabishana milele kama tatizo ni mvua au mifugo.

Muda mzuri ni mara mbili kwa mwaka, mwisho wa Mei masika inapoisha na mwisho wa Septemba kabla ya vuli.

Hatua ya 5: Mvua

Weka kipima mvua kijijini, kiwe wazi mbali na mti na paa, kisomwe kila siku saa tatu asubuhi, shule ya msingi ndiyo sehemu salama. Historia ya nyuma utaomba Mamlaka ya Hali ya Hewa, na pia kuna data za CHIRPS zinazochanganya setilaiti na vituo vya ardhini, zinaanzia 1981, kila kipande ni kama kilomita tano, ni bure. Linganisha na kipima chenu angalau misimu miwili uone inazidisha au inapunguza.

Ukiwa na miaka thelathini na kitu ya mvua, kwenye Excel tafuta wastani na mchepuko wa kawaida (yani mvua inayumba kiasi gani kutoka kwenye wastani), gawanya mchepuko kwa wastani. Mfano wastani milimita 600, mchepuko 210, ni asilimia 35. Ikipita kama 33 wataalamu wengi wanachukulia mvua ndiyo bosi hapo, na idadi maalum ya mifugo ya kudumu haina maana sana. Ikiwa 20 mifugo ina nguvu zaidi ya kubadilisha uoto, na mjadala wenu unabadilika. Ifanye hesabu ya masika na ya vuli mbali mbali, maana vuli yetu inayumba zaidi na ndiyo inayoamua kama kiangazi kitakuwa kirefu. El Niño mara nyingi inanenepesha vuli na La Niña inaikausha, kwa hiyo utabiri wa msimu ukitoka usiupite.

Hatua ya 6: Setilaiti, na jinsi inavyodanganya

Picha za Landsat zenye ubora wa mita 30 zinarudi nyuma mpaka miaka ya 1980, MODIS iko tangu 2000, Sentinel-2 tangu 2015 na hiyo inaona mpaka mita 10. Zote utazipata Google Earth Engine bila kulipa kama hufanyi biashara. Kipimo kinachotumika sana ni NDVI, unachukua mwanga wa infraredi ya karibu unatoa mwanga mwekundu, unagawanya kwa jumla yake, jibu likiwa karibu na moja ni kijani kibichi, likiwa karibu na sifuri ni udongo.

Sasa mtego. NDVI inaona kijani, haijui kama hicho kijani ng'ombe anakula. Mbuga ikigeuka kichaka NDVI inapanda, grafu inapendeza, ripoti inaandikwa "mazingira yameimarika", na mfugaji yuko pale anakufa njaa na ng'ombe wake. Dawa yake ni kutumia misimu. Mwisho wa kiangazi majani yamekauka ila vichaka vingi vina kijani bado, au vinaanza kuchipua kabla mvua haijanyesha. Kwa hiyo chukua NDVI ya Septemba iwe ishara ya miti, na tofauti kati ya kilele cha Mei na Septemba iwe ishara ya majani. Ukiona ya Septemba inapanda mwaka hadi mwaka na ile tofauti inapungua, kichaka kinakula mbuga. Nenda na pointi zako za hatua ya nne ukahakikishe, usiamini skrini peke yake.

Kuna na hii ya kutenganisha mvua: chora NDVI ya kilele dhidi ya mvua ya msimu kwa kila mwaka, pitisha mstari, halafu angalia kila mwaka uko juu au chini ya mstari kiasi gani. Mabaki hayo yakishuka miaka inavyokwenda, basi ardhi inatoa kidogo kwa mvua ile ile, hapo huwezi tena kusingizia ukame. Yakipanda, kabla ya kushangilia rudi kwenye mtego wa kichaka hapo juu.

Hatua ya 7: Hesabu yenyewe

Chukua kijiji cha kubuni chenye hekta 6,000 za malisho. Le Houérou kwenye miaka ya 80 alikusanya vipimo vya nchi kame nyingi akaona kwa wastani kila milimita ya mvua inatoa kama kilo 4 za majani makavu kwa hekta. Ni pa kuanzia tu, vipimo vyenu vya fremu ndivyo vitarekebisha hiyo 4 iwe 3 au 5 au hata 2 kama ardhi imechoka. Mvua 600 ni kilo 2,400 kwa hekta. Sio yote ya ng'ombe, mengine yanakanyagwa, mchwa wanachukua, na lazima ubakize ya kulinda mizizi, wataalamu wanachukua kati ya asilimia 30 na 50, tuseme 40. Imebaki 960.

Upande wa mifugo tunatumia yuniti, moja ni mnyama wa kilo 250, ng'ombe wetu wa asili ni 0.7, mbuzi au kondoo 0.1, punda 0.5. Yuniti moja inakula kama asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, yani kilo 6.25, kwa mwaka karibu 2,280. Piga sasa: 6,000 mara 960 gawanya kwa 2,280, unapata kama yuniti 2,500, ambazo ni ng'ombe wa asili 3,600 hivi. Mvua ikiwa 350, hesabu ile ile inashuka mpaka yuniti 1,470, ng'ombe 2,100.

Ona hapo. Aliyekuja na namba moja atakwambia "uwezo wa eneo ni 3,600". Ukifuga 3,600 kila mwaka ulio chini ya wastani unakosa, na karibu nusu ya miaka yote iko chini ya wastani. Ukifuga 2,100 miaka ya neema unaacha majani yaoze, na hakuna mfugaji atakayekubali, na mi siwalaumu.

Ongeza kichaka. Fomula rahisi: kichaka cha mwakani ni cha mwaka huu, jumlisha kasi mara kichaka mara moja toa kichaka gawanya kwa kikomo. Kianze asilimia 10, kasi 0.12, kikomo 70. Mwaka wa kwanza ni 11 tu, nani ataona? Mwaka wa kumi ni 24, wa ishirini ni 45. Kasi hiyo nimeiweka ya mfano, yenu mtaipata kwa kulinganisha picha za zamani na za leo. Sema kila asilimia ya kichaka inaondoa asilimia ile ile ya majani, kichaka kikifika 25 ule uwezo wa yuniti 2,500 unakuwa 1,900 kwa mvua nzuri ile ile, na mwaka wa mvua 350 ni 1,100 tu. Kisha weka sharti: majani yaliyobaki yakizidi kiwango cha kubeba moto, na kijiji kikachoma kwa mpango, kichaka kinarudi nyuma asilimia kadhaa, yakiwa chini ya kiwango moto haupiti na kichaka kinaendelea. Hilo sharti moja ndilo linalofanya modeli yako ionyeshe kuvuka na kutorudi.

Hatua ya 8: Ichanganye na bahati

Hakuna anayejua mvua ya 2031. Mwambie Excel iokote miaka ya mvua halisi bila mpangilio, fomula ya RANDBETWEEN inatosha, ijenge miaka ishirini ya mbele, irudie mara elfu. Ila usiokote mwaka mmoja mmoja, okota miwili miwili inayofuatana, maana ukame wetu unapenda kuja kwa kushikana na mwaka wa pili ndio unaoua. Matokeo usiyasome kwa wastani, soma kwa nafasi: kati ya mara elfu, mara ngapi kijiji kimekosa majani miaka miwili mfululizo? Mara ngapi kichaka kimepita asilimia 40?

Halafu ijaribu. Ifundishe kwa data za 2001 mpaka 2015 tu, iache ikwambie 2016 mpaka leo, linganisha na kilichotokea. Pia wapelekee wazee grafu ya nyuma bila kuwaambia ni miaka gani, waulize upi ulikuwa mwaka wa shida. Wakitofautiana na modeli usikimbilie kusema wamesahau, mara nyingi utakuta kuna kitu hujaweka, mfano mwaka huo lambo lilikauka na majani yalibaki bila kuliwa.

Hatua ya 9: Mipango mbadala

Endesha modeli kwa chaguzi ambazo kijiji kinaweza kweli. Kuendelea hivi hivi. Kutenga alalili, yani malisho ya akiba, ya ndama na ng'ombe wanaonyonyesha, isiguswe mpaka Agosti. Kufyeka kichaka kwenye hekta mia tano na kuchoma kwa mpango, kwa kibali. Kuongeza mbuzi ili wale vichipukizi. Kufungua mashamba kwenye njia ya mifugo, hili liweke hata kama hamlitaki, watu waone linachofanya: ukifunga njia moja ya kwenda maji, hekta za upande wa pili zinatoka kwenye hesabu zote hata kama zina majani. Na kuuza mapema.

Hatua ya 10: Siku za majani

Hiki ndicho kitu ambacho mkutano mkuu wa kijiji utakielewa bila grafu yoyote. Mwisho wa Mei, majani yaliyopo yahesabiwe kama akina mama wanavyohesabu unga uliobaki kwenye ndoo mpaka mwisho wa mwezi. Tuseme fremu zimetoa kilo 900 kwa hekta, asilimia 40 ni 360, mara hekta 6,000 ni kilo 2,160,000. Mifugo ni yuniti 2,000, wanakula 12,500 kwa siku. Gawanya, siku 172 na ushee. Kuanzia tarehe 1 Juni unafika kama 20 Novemba. Vuli ikiwahi mmepona, ikichelewa mpaka Desemba mna pengo. Mifugo ikiwa 2,500 majani yanaisha katikati ya Oktoba, hapo hakuna haja ya kusubiri mungu, ni ama kuuza, kuhamia kwa makubaliano, au kununua chakula.

Na kuuza maana yake Juni na Julai, ng'ombe akiwa amenona na mnada una wanunuzi, sio Oktoba akiwa mifupa na kila mtu kaleta wake. Kwa hiyo kubalianeni kabisa kwenye muhtasari: siku zikiwa chini ya 150, kila boma linapunguza kwa kiwango fulani mwezi Juni, wageni hawapokelewi, alalili inafunguliwa kwa ndama tu. Kiwango wapange wao, wewe lete siku.

Haya yote yaingie kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na sheria ndogo zipitishwe na halmashauri, vinginevyo mwenyekiti akibadilika na modeli imekufa. Sheria ya nyanda za malisho ya 2010 nayo inawapa pa kushika. Mkiweza unganeni na majirani, kule Kiteto vijiji vya OLENGAPA vilipanga malisho kwa pamoja na kila kijiji kikabaki na mipaka yake, na kwa vijiji vya Kilindi vinavyopakana na Kiteto, ambako ng'ombe ni wale wale wanaovuka, sioni sababu ya kila mmoja kupima peke yake.

Daftari la vipimo litunzwe sehemu mbili, ofisi ya kijiji na kwa mfugaji mmoja aliyechaguliwa, na nakala ipigwe picha kila baada ya upimaji itumwe kwenye grupu la kamati. Zile namba za kilo 4 kwa milimita, asilimia 40 ya kuliwa na kasi ya kichaka 0.12 zirekebisheni kila mwaka baada ya vipimo vya Mei, na mkibadilisha andikeni pembeni ni nani kabadilisha, lini, na kwa kipimo gani.